Kahawa kwa Wageni wa Kamati

Ismat Rifaat alifundisha mapishi na ushonaji katika shule ya wasichana mpaka akastaafu, na hadi leo wanawake wenye wajukuu wakikutana naye njiani humwita Abla, yaani mwalimu, vilevile kama walivyomwita darasani. Hapa Rushdi, mtaa wetu wa Aleksandria, anajulikana kwa mambo mawili: kahawa yake na nyumba yake. Kahawa imemletea sifa. Nyumba imemletea balaa, na balaa lenyewe alilipika kwa mikono yake, jikoni kwake, akalitia na iliki.

Nyumba aliijenga baba yake, Rifaat Bey, dalali wa pamba enzi pamba ilipokuwa pamba. Hakutaka kazi ya fundi wa mtaani. Alimtafuta Mtaliani mmoja, Bertolani, akamwambia amchoree nyumba ambayo watu wakipita wageuze shingo. Mtaliani akachora. Roshani ikazunguka kona nzima bila kuwa na pembe, madirisha ya ngazini yakatiwa vioo vya rangi, na mbele, kutoka langoni hadi mlangoni, zikapanda ngazi za marumaru pana za kutosha msafara wa harusi. Kwenye kona, chini kabisa, Mtaliani akachonga jina lake katika jiwe. Shingo zinageuka mpaka leo. Watu wanapiga picha na kwenda zao, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza ni nani anayefagia.

Anayefagia ni Ismat. Mdogo wake, Inayat, aliolewa akaondoka. Ismat hakuolewa. Alibaki na wazazi wawili, kisha na mama peke yake, kisha na nyumba.

Zamani mtaa mzima ulikuwa wa nyumba kama hiyo. Halafu ikavuma habari kwamba kuna kamati inapita kuandika nyumba za kifahari za zamani, na ikishaandikwa nyumba haivunjwi tena mpaka kiyama. Watu wa Rushdi si wajinga. Kila mwenye nyumba alileta fundi wake akabandua maua ya lipu ukutani. Mmoja alipaka matope mbele ya nyumba yake. Mwingine alirundika viti vibovu mlangoni. Yule daktari wa meno wa ng'ambo ya barabara alikwenda mbali zaidi: alifunga mbuzi kwenye roshani. Kamati ilipofika kwake ilimkuta mbuzi anatafuna pazia, ikaguna, ikaenda zake, na leo daktari anaishi ghorofa ya juu kabisa ya jengo lake jipya na bahari yote ni ya kwake.

Ismat yeye alisikia neno moja tu: wageni. Na wageni wakija, mama yake alimfundisha kinachofanyika. Aliosha kuta za mbele kwa mpira wa maji. Aling'arisha shaba ya mlango kwa ndimu. Alipiga magoti, wakati huo magoti yalikuwa bado yanakubali, akakwangua chokaa iliyokuwa imeziba jina la Bertolani mpaka kila herufi ikasomeka. Kamati ilipopanda zile ngazi, alikuwa amesimama mlangoni na gauni lake la kijani, na ndani kahawa ilikuwa inanukia katika vikombe vya mama vyenye ukingo wa dhahabu, pamoja na sahani ya biskuti za sikukuu ilhali sikukuu ilikuwa mbali.

Mzee aliyeongoza ile kamati alikunywa, akafumba macho, akatazama dari. "Bi Ismat," akasema, "nyumba hii ina bahati. Imepata mtu wa kuipenda."

Wala hakikuwa kilemba cha ukoka. Alimaanisha, na hilo ndilo lililommaliza Ismat. Alimpigia simu Inayat akiwa juu juu kwa furaha.

"Umewapa kahawa tu," Inayat akauliza, "au na biskuti?"

"Na biskuti."

"Basi umeiheshimisha nyumba ya baba," Inayat akasema, na wote wawili wakaona wamefanya jambo la maana.

Miaka ikapita. Nyumba za jirani zikashuka, magorofa yakapanda. Upande wa mashariki, penye kipande cha bustani ambacho Rifaat Bey alikiuza alipoanza kuyumba, mkandarasi mmoja aitwaye Haji Metwalli alisimamisha ghorofa lake haraka haraka, na jua la asubuhi likawa halimfikii Ismat tena. Magoti yakakataa. Akahamishia kitanda sebuleni, na vyumba vya juu akawaachia njiwa. Kushuka zile ngazi za harusi alikuwa akishuka ubavu ubavu kama kaa, mkono umeshika marumaru, akiomba Mungu. Inayat naye akavunjika nyonga, akawa mtu wa kiti cha magurudumu. Ismat aliiomba kamati imruhusu amwage saruji kidogo pembeni mwa ngazi ili kiti kiweze kupanda. Jibu likaja kwamba ngazi ni sehemu ya mchoro, haziguswi. Kwa hiyo Inayat hakuweza tena kuingia katika nyumba aliyozaliwa, ingawa nusu ya nyumba ni mali yake kisheria.

Ndipo Ismat alipoanza kutaka kuuza. Dalali alileta wanunuzi, na mimi niliwaona wote wakipanda wakitabasamu na kushuka wamenuna. Wa kwanza alitaka kiwanja tu. Aliposikia neno kamati hata kiti hakukalia. Tabibu mmoja alitaka kufanya zahanati, lakini lifti ilikuwa marufuku. Mwenye mkahawa alitaka kutoboa ukuta apitishe bomba la moshi, na kutoboa nako marufuku. Kila mmoja akiondoka alisema, "Mashallah, nyumba nzuri." Ismat alifika mahali akisikia neno mashallah anafunga dirisha.

Huyo Inayat alikuwa akiishi mtaa wa Smuha kwa mwanawe, katika nyumba yenye lifti, watoto na kelele, na kitanda chake kimebanwa ukumbini kati ya friji na mlango wa choo. Nafasi ya mtu wa pili haikuwepo hata ya kuning'iniza koti. Madada hawa waliongea kwa simu kila alasiri, baada ya chai. Alasiri moja Inayat akaanza kwa kunong'ona.

"Dada. Nyumba ya mlango wa mbele yetu inauzwa."

"Ipi hiyo?"

"Hiyo hiyo! Mlango kwa mlango. Mimi nafungua wangu, wewe unafungua wako, tunaonana. Mwenyewe anahamia kwa mwanawe Kuwait. Nimemwambia dada yangu anataka. Amesema atanisubiri kidogo kwa sababu ya ujirani."

"Nitanunua kwa kitu gani, Inayat? Kwa njiwa?"

"Uza."

"Nauza kila siku. Hakuna anayenunua."

Inayat akasema kwa sauti ambayo Ismat hakuizoea: "Juzi nilianguka maliwatoni. Nilikaa chini mpaka mkwe aliporudi kutoka kazini. Unajua nilikuwa namwita nani? Nilikuwa nakuita wewe. Upumbavu gani huo, mtu yuko Rushdi, mimi naita kana kwamba uko chumba cha pili."

Ismat alikata simu akakaa. Alilia, tena kwa hasira. Ukuta wa baba ulikuwa pale pale, mnene, mzuri, na aliuchukia kwa mara ya kwanza katika maisha yake.

Haji Metwalli alikuja wiki hiyo hiyo, kwa sababu watu kama yeye hunusa. Alipanda ngazi anahema, akakaa, akapokea kahawa.

"Abla, ulimfundisha mke wangu kuoka, na tangu hapo tumbo hili halijawahi kupungua. Kwa hiyo mimi na wewe ni watu wa nyumba moja."

"Sema ulilokuja nalo, Haji."

"Nimekuja na ukweli. Nyumba hii kwako imekuwa mume mbaya. Kukuacha haikuachi, na kufa haifi."

"Sasa?"

"Sasa tuisaidie ife."

"Astaghfirullah!"

"Si kwa nyundo, Abla! Nyundo ni jela. Maji. Maji tu, rehema ya Mungu." Akavuta kiti karibu. "Una bomba bustanini. Mpira unao. Uweke mdomo wake pale konani, chini ya jina la yule Mtaliani, ufungue kidogo, usahau. Mtu mzima anasahau, nani atamlaumu? Tufani ya Kasim ya kila Desemba inakuja, mvua zake unazijua. Msingi ukilainika, ufa mmoja tu ukitokea, mhandisi anaandika hatari, hifadhi inafutwa, na mimi kesho yake naleta bei ya kiwanja. Unaamkia Smuha."

"Na ikiniangukia mimi?"

"Haiwezi. Nyumba za zamani zina adabu, zinapasuka kwanza."

Ismat alimwambia atoke. Haji akatoka, lakini maneno yake hayakutoka. Yalibaki sebuleni pamoja na kikombe chake, na Ismat akayazunguka siku kadhaa kama mtu anayeruka dimbwi. Kisha asubuhi moja akavaa viatu, akashuka ubavu ubavu, akauburuta mpira hadi konani, akafungua bomba. Hakufungua sana. Maji yalitoka bila kelele na ardhi ikayanywa.

Tangu siku hiyo hakuwa na raha. Kila asubuhi alishuka, akapitisha kiganja ukutani akitafuta ufa, asijue anaomba auone au asiuone. Alipapasa kama anavyopapasa mama paji la mtoto mwenye homa, na yeye ndiye aliyempa homa. "Anguka basi," akaiambia siku moja, kwa sauti kabisa. "Sote tumechoka." Nyumba haikutoa hata mkwaruzo. Lipu ilikuwa safi kama sahani. Inayat alasiri aliuliza kuna habari gani, na Ismat akajibu kwamba kuna mtu anafikiria. Hakuwahi kumdanganya mdogo wake kabla ya hapo.

Tufani ya Kasim ikaja kwa wakati wake. Mawe ya barafu yalipiga vioo vya rangi, bahari ikavuka barabara ya ufukweni, tramu zikasimama. Watu wakajifungia ndani na supu ya dengu. Mvua ilipokwisha jua likatoka, mitaa ikakauka. Kitu kimoja tu hakikukauka: chumba cha chini cha ghorofa la Haji Metwalli. Humo, nyuma ya magari, ndimo alimoishi Mahrus, bawabu, mtu wa Sohag huko kusini, pamoja na mkewe Nagia na watoto. Ismat alimwona kutoka dirishani akitoa magodoro na kuyaanika juu ya magari ya wenye nyumba. Siku ya pili akayaona tena, yameloa upya. Siku ya tatu Nagia alikuwa amekaa ukingoni mwa barabara, amembeba mtoto mchanga anayekohoa, na mbingu ilikuwa buluu tupu.

Ismat hakuwa mjinga. Alielewa pale pale dirishani, mkono ukiwa bado umeshika pazia. Kabla hajavaa viatu, mlango ukagongwa. Alikuwa Mahrus, kanzu yake imeloa hadi magotini, na mkononi ana spana na kiraba kipya cha bomba.

"Samahani, Abla. Nimezunguka kutafuta haya maji yanatoka wapi. Nadhani bomba lako la bustanini limechoka, na mpira umeshuka hadi konani. Wewe ngazi hizi huziwezi, ungejuaje? Nimeleta kiraba. Ukiniruhusu nitalitengeneza."

Hapo ndipo angesema. Mdomo aliufungua. Lakini Mahrus alikuwa anamtazama kwa huruma, kama wanavyotazamwa wazee waliosahau jiko likiwaka, na Ismat akaona aibu mbili mbele yake na akachagua ile ndogo.

"Litengeneze, mwanangu," akasema. "Mungu akubariki."

Mahrus akalifungua bomba ambalo halikuwa na ugonjwa wowote, akabadilisha kiraba, akalifunga. Ismat alisimama juu ya ngazi mpaka mwisho, kama adhabu. Kisha akamwambia, "Walete watoto. Vyumba vya juu ni vitupu. Waleteni na magodoro."

"Abla, hatuwezi kukusumbua."

"Nimesema walete! Au unataka nishuke kuwachukua mwenyewe, nivunjike shingo, iwe juu yako?"

Hawajamaliza kupandisha vitu, simu ikalia. Haji Metwalli alikuwa anapiga kelele.

"Abla, funga bomba! Funga bomba, umeniua!"

"Limefungwa."

"Maji yote yamekuja kwangu! Manispaa wako kwenye chumba changu cha chini, wanapima nguzo! Nilikwambia nyumba yako, si yangu!"

"Wewe si ulisema ni rehema ya Mungu, Haji?" akasema Ismat, akakata. Ilikuwa raha yake ya mwisho katika jambo hili lote.

Kwa kuwa nyumba ya Ismat inapakana na ghorofa na iko chini ya hifadhi, kamati nayo ilisema itamtuma mtu kupima msingi. Ismat akampigia Inayat. Hakusema lolote juu ya mpira. Alisema tu kwamba maji yamekuwa mengi, na huenda nyumba imepata madhara, na ikiandikwa hatari watauza kiwanja.

"Mwambie jirani yako asubiri mpaka wapime," akasema.

"Nimeshamwambia jana, na leo tena. Ana mtu mwingine, dada, bwana na bibi harusi. Lakini amenipa mpaka siku ya vipimo. Mungu anisamehe, naomba nyumba ya baba ikutwe mbovu."

"Hata mimi."

Safari hii Ismat alijua kinachofanyika. Hakufagia. Nagia alipochukua ufagio alinyang'anywa. Aliacha kamba ya nguo za watoto ikae kwenye roshani, na Mahrus alimleta kuku wake mmoja aliyenusurika maji, akafungwa mguu kwenye ngazi za marumaru. Ismat akamtazama kuku yule akamkumbuka mbuzi wa daktari wa meno, akaona kwamba hata akili huja, ila huja imechelewa.

Aliyekuja alikuwa mhandisi wa kike, kijana, aitwaye Radwa, amevaa viatu vya matope, uso umechoka. Alikuwa ameshinda chini ya ghorofa la Haji tangu asubuhi. Alichimba konani pamoja na wafanyakazi wake, akaingia shimoni mwenyewe, akakaa huko muda mrefu. Ismat alisubiri sebuleni. Alikuwa ameapa kutosogea. Lakini binti aliposimama mlangoni, matope hadi viwikoni, midomo imepauka kwa baridi, na kusema, "Naweza kukaa kidogo, Bi?" mkono wa Ismat uliinuka wenyewe ukashika kikombe cha ukingo wa dhahabu. Mtu wa watu ameingia nyumbani kwako na baridi yake, utamwacha hivi hivi? Akachemsha. Akatia iliki. Sahani ya biskuti nayo ikaja.

Radwa alikunywa, rangi ikamrudia, na macho yakaanza kung'aa.

"Bi Ismat, sijawahi kuona kazi kama hii. Hakuna ufa. Hakuna hata unyevu. Msingi umekaa juu ya mwamba, na chini yake yule Mtaliani amejenga mfereji wa mawe unaozunguka nyumba nzima. Tone likifika konani linachukuliwa, linapelekwa upande wa mashariki."

"Kwenye bustani," akasema Ismat taratibu. "Zamani ilikuwa bustani. Kulikuwa na miti ya malimau."

"Ndiyo, sasa kuna ghorofa. Wakazi wake wamepewa amri ya kuhama mpaka litakapoimarishwa. Lakini hii!" Akapiga ukuta kwa kiganja. "Hii itakuzika wewe, itanizika mimi, itawazika wajukuu zangu. Nitaandika ipandishwe daraja la kwanza. Kuanzia sasa hata ndani hakuna atakayeruhusiwa kugusa. Hata mlango." Akatabasamu kama mtu aliyeleta zawadi. "Na biskuti hizi umepika mwenyewe?"

"Mwenyewe," akasema Ismat. "Chukua nyingine, binti yangu."

Alasiri ikafika. Juu, watoto wa Mahrus walikuwa wanakimbizana katika chumba kilichokuwa cha Inayat, na dari ilikuwa inatetemeka bila kudondosha hata vumbi. Ismat aliketi na simu mapajani mpaka chai ikapoa. Mwishowe akapiga.

"Wamesemaje?" Inayat hakusalimu.

"Wamesema nzima."

Kwa mbali, katika ile nyumba ya Smuha, friji ilikuwa inanguruma.

"Nzima kabisa?"

"Daraja la kwanza."

"Basi wale maharusi waichukue nyumba, nitawapa hongera," akasema Inayat. "Wanaonekana watu wazuri. Bibi harusi ananisalimia." Sauti ikakatika, ikarudi. "Dada. Niambie kweli. Ulimpa kahawa?"

Ismat akatazama sahani iliyobaki mezani.

"Na biskuti," akasema.

Inayat akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, na Ismat naye akacheka, wakachekeana hivyo kwa simu kama wasichana wawili waliofungiwa chumbani na baba yao. Halafu kicheko cha mmoja wao kikageuka kilio. Ismat aliusikia mkono wa mdogo wake ukipapasa kitu, labda leso, labda ukuta, na hakuwa na njia ya kuufikia.